Neti ya Kriketi

Leo nimefungua neti mpya ya mbu, na ile harufu yake ya dawa imenikalisha kitandani. Nje vijana wanabishana juu ya kriketi, eti neti ranireti. Mabingwa wa simu, hata gongo hawajawahi kulishika! Sikutoka kuwajibu, mimi ni mtu wa ndani.

Nilikuwa mdogo, nimejibana ubavuni mwa ami yangu mbele ya televisheni ya baraza la dukani. Alikuwa ameapa mbele ya watu wote: timu yetu ikishinda imefuzu, la sivyo hakai tena pale. Ikashinda. Ami akasimama, akakaza kikoi kana kwamba mpira kaupiga yeye.

"Bado, Mzee," akasema mwalimu wetu, mtu wa bara. "Tumeshinda kwa kujikokota. Pointi zikilingana, hupita waliopata mikimbio kwa kasi. Kasi hiyo ndiyo neti ranireti, nayo imetutoa."

"Neti?" Ami akacheka kwa dharau. "Mimi nashona nyavu tangu hujazaliwa. Nionyeshe hiyo neti ilipo!"

Baraza likaangua kicheko. Mimi, mtaalamu wa darasa la tatu, nikaona vyuma vya kofia usoni mwa mchezaji, vimepishana kama wavu.

"Ile pale, Ami! Kwenye kofia!"

"Mwana huyu ana mato," akawaambia, "nyinyi mna matundu. Lakini mtezo gani huu, mtu ashinde kisha atolewe kwa sababu ya kofia?"

Akanishika mkono, tukaondoka tumeinua vichwa. Kicheko kilitufuata mpaka mlangoni kwetu. Hakurudi tena barazani. Wala mimi.