Dume kutoka Mtama

Ilinipasa nimkatalie wakala yule wa mnunuzi wetu pale pale mlangoni. Alikuja kwangu Nangurukuru wakati mwenzangu wa biashara ya buibui amekwenda Liwale kumwuguza dada yake. Alitaka buibui wachanga, wengi, na upesi. Jike tuliyekuwa naye alikuwa amekomaa, ila dume wa kwetu hatukuwa naye. Wakala akafunua kopo lake: ndani alikaa dume wa kijivu aliyechimbwa shimoni huko Mtama.

"Huyu si wa kabila la jike wetu," nikamwambia.

"Dume ni dume, mzee. Huko wanakokwenda nani atauliza ukoo?"

Nikakubali.

Siku hizo kusafirisha wanyama hai kulikuwa bado kunaruhusiwa. Watu wa nchi za baridi hufuga buibui hawa wakubwa wenye manyoya kama sisi tunavyofuga njiwa. Wa kwetu Kilwa walipendwa kwa rangi yao, chungwa bivu kabisa. Lakini wafugaji wale walinunua asili kuliko rangi. Walitaka kujua kila mmoja katoka wapi, ili wazalishe wa Kilwa kwa wa Kilwa tu. Dhamana ya hilo ilikuwa neno la mwenzangu. Akisema huyu ni wa Kilwa, mnunuzi wa Dar es Salaam hakuuliza la pili. Neno hilo ndilo lililomlisha yeye na wanawe.

Yeye alikuwa Mngindo, mimi Mmwera. Watani.

Nilimtia dume ndani ya ndoo ya jike. Akagongagonga kwa miguu yake ya mbele, akapokelewa. Baadaye jike akafuma mfuko wa mayai, na watoto walipotoka na kukua kidogo, wote walikuwa na rangi ya chungwa. Mwenzangu aliporudi aliinama juu ya ndoo akashangaa.

"We Mmwera, dume umempata wapi msimu huu?"

Nikamjibu, "Nimemwozesha binti yako kwa jibwana la Mtama. La kijivu, hata kanzu halina."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Na mahari umekula peke yako! Ndiyo maana Wamwera hamnenepi, mnakula mkijificha."

Nikacheka naye. Kwetu neno la mtani halishikwi. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamaliza chai kwanza. Nililijua hilo nilipofungua mdomo. Miaka mingi nilijitetea kwamba nilimwambia. Sikumwambia.

Akawafunga mmoja mmoja kwenye vikopo vyenye pamba ya unyevunyevu, akampigia mnunuzi simu: "Wa Kilwa hawa. Mama yao namjua."

Kila walipojivua ngozi huko ugenini, ukijivu ukazidi kuingia mgongoni. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuwapandisha na buibui wao waliowatunza kwa miaka. Mayai mengine yakaoza, na yaliyoanguliwa yakatoa watoto ambao hakuna aliyejua awaite nini. Mnunuzi alipiga simu tukiwa tumeketi barazani kwangu, akamwita mwenzangu mwongo na mwizi. Mwenzangu akasimama. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu, akaapa kwa wanawe, kwamba buibui wale ni wa Kilwa. Nami nimeketi, namsikiliza anaapa.

Simu ilipokatwa ndipo nikasema, "Mtani, mimi nilikwambia. Dume wa Mtama."

Akaitia simu mfukoni.

"Ulinitania," akasema. "Na sasa umeniacha niape."

Akavaa viatu vyake akaondoka. Hakuna aliyenunua tena kutoka kwake. Alirudi kwenye mikorosho ya mkewe huko Nyangamara, na kila nilipomkuta kwenye gulio la huko alinipa mkono kwa adabu: "Assalaam alaykum, bwana." Nilimtukana, nikamwita mla panya, nikitumaini atanirudishia. "Allah akuhifadhi," akajibu, akapita.

Alipofariki nilikwenda kuzika. Kazi ya mtani ni kulizuia jeneza, kumwiga marehemu, kudai ada ya utani mpaka waliao wacheke. Nilipoinuka, mjane wake akanishika mkono.

"Kaa na wageni, shemeji. Alisema wewe usimtanie."

Nikakaa na wageni. Kwa ndoo moja ya buibui nilimvunjia mtu jina lake na riziki yake, nikampoteza rafiki niliyekuwa naye tangu ujana. Sikupata mwingine.