Karani wa Kuhesabu Saa

Karani wa takwimu huuliza kila swali mara mbili, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, na hulamba ncha ya penseli kabla ya kuandika. Supu ya jiko la jamii haonji, hata umshike mkono. Doña Hermelinda, anayepika pale kilimani jijini Lima kwa miaka thelathini sasa bila malipo, alimkazia macho tangu mlangoni, maana jiko lisiloonyesha saa za kazi kwenye fomu hukatiwa mgao wa mchele.

“Unafanya kazi, mama?”

“Kazi gani, mwanangu? Mimi niko tu,” akajibu, kisu kikizunguka kiazi. Wapishi wenzake nao wakasema wako tu.

Penseli haikugusa karatasi. Karani akalitazama rundo la maganda. “Basi viazi vya jana alimenya nani?”

“Mimi.”

“Tangu saa ngapi?”

“Saa kumi alfajiri, mpaka masufuria yaoshwe, saa tisa mchana.”

Karani akalamba penseli, akaandika jumla ya saa kumi na moja.

“Ala! Kumbe hiyo ndiyo kazi?” Doña Hermelinda akaweka kisu chini, jambo asilolifanya kabla chakula hakijaiva. “Hebu rudi nyuma, binti. Hujaandika Jumapili.”