Mabakuli ya Mti Mbichi

Siku ya kwanza Mwenye Duka alikwenda karakana ya mtaa kuvunja bei, akakuta hata bei ya kuvunja haipo. Mabakuli ya mbao yalijaa rafu nzima, kila moja limeandikwa tarehe kwa penseli kitakoni, na mzee aliyeyakereza hataki kuuza.

"Haya bado."

"Bado nini, mzee wangu? Bakuli si bakuli?"

Mzee akachukua moja, akamgusa nalo shavuni. Lilikuwa la baridi kama mtungi.

"Mti una maji huo, mama. Baridi hiyo haitoki mpaka mwaka uishe. Ukiuharakisha, unapasuka."

Wenzake kumi wa karakana walimwita Babu Bado, naye aliitika bila kinyongo.

Walifanya biashara miaka minne. Mzee akitaja bei hashuki. Mwenye Duka akisusa, kesho anarudi. Wateja wakaijua chapa ya karakana, ile inayochomwa kitakoni kwa chuma cha moto. Walipindua bakuli kuitafuta kabla ya kuuliza bei.

Kisha mgahawa mkubwa ukaagiza mabakuli mia tatu, kwa miezi miwili. Makavu yalikuwa themanini. Mwenye Duka hakupoteza mate kwa mzee. Alimwendea binti wa mzee, msimamizi wa mauzo pale karakanani.

"Mwanangu, baba yako anashiba kusubiri. Nyie wengine mnashiba nini?"

Mashine zilikuwa za wote, na neno la wengi ndilo lililopita. Wakanyoosha mikono kukubali mabichi yauzwe. Wa binti ulitangulia.

"Hata wewe?" mzee akauliza.

"Baba, wewe umeshamaliza kulea. Sisi ndio kwanza tunaanza."

"Basi uzeni. Ila mabichi msiyapige chapa."

"Bila chapa sichukui hata moja," akasema Mwenye Duka.

Chapa ikapigwa. Mzee akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mashine, akatoka.

Wiki ya sita baada ya kupokea mzigo, mgahawa ukapiga simu: supu inavuja mezani, mabakuli yamepasuka. Mwenye Duka alikuwa ameshalipwa, na hakurudisha hata senti. Alisema wao ndio hawakuyatunza. Lakini maneno yakasambaa, na wateja wakiona ile chapa wakawa wanarudisha bakuli rafuni, liwe kavu liwe bichi.

Mwenye Duka akamfuata mzee nyumbani, akamkuta anachonga mipini ya majembe.

"Babu, rudi kazini. Safari hii nasubiri mwaka, hata miwili."

"Nirudi kufanya nini, mama? Chapa mmeshaila."

Karakana ilifungwa, mashine zikauzwa moja moja. Mwenye Duka alibaki na faida ya mzigo mmoja, na akapata mfanyakazi: yule binti, hodari wa kuuza na asiye na pa kwenda. Sasa anauza mabakuli ya plastiki. Baba yake, akipeleka mipini sokoni, hupita barabara ya nyuma.