Makofi Kwenye Mabano

Nimesoma hotuba za mheshimiwa kuliko mtu yeyote, ukimwondoa yeye mwenyewe, na hata yeye sina hakika kama alizisoma zote. Kwa miaka mitano nilikuwa katibu muhtasi wake. Alikuwa mbunge wetu wa kwanza wa upinzani tangu vyama viruhusiwe kuwa vingi, na ofisi yake ya jimbo ilikuwa chumba kimoja mjini Same, kati ya duka la mitumba na gesti. Shamba la mkonge nililokuwa nikifanya kazi huko tambarare lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi, na mtu binafsi huyo hakuwa na haja na wapiga chapa wanne. Tulipunguzwa sote. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilikaa katika ofisi ile kwa sababu ya itikadi. Nilikaa kwa sababu palikuwa na mashine ya kuchapa na mimi nilijua kuchapa.

Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, zilitujia kwa basi kutoka Dodoma, zimefungwa kwa kamba ya katani. Kazi yangu ilikuwa kulitafuta jina lake, kukata ukurasa kwa wembe na kuubandika kwenye jalada. Hansadi huandika kila kitu, hata makofi. Watu wakipiga makofi inaandikwa makofi, kwenye mabano. Wakicheka, kicheko, kwenye mabano. Mheshimiwa akipata muda wa kupita ofisini alikuwa akifungua jalada kutafuta mabano kwanza, na akiyakosa alikunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyeyafuta.

Alikuwa msemaji, sikatai. Alipowasema wanunuzi binafsi waliokuwa wakiwapunja wakulima wa kahawa kule Ugweno, nilisimama peke yangu ofisini nikampigia makofi yangu. Alipouliza kwa nini mama mjamzito abebe glovu zake mwenyewe kwenda hospitali, nililia. Siwezi kukana hilo sasa kwa kuwa baadaye nilimchukia.

Nyumbani kwetu ni Vudee, juu milimani. Huko shughuli zote za mvua ndogo na kiangazi hutegemea ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo maji ya kijito hujazwa usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yakateremka kwenye mfereji hadi mashambani. Kila nyumba ina zamu yake. Zamu ya mama yangu ilikuwa Jumanne. Ndiva haijisafishi. Tope likijaa, pembe hupulizwa jioni, na kesho yake watu wote wanatoka na majembe. Huo ndio msaragambo. Asiyetoka, watu wanakwenda nyumbani kwake na kuchukua kitu, jembe au kuku au sufuria, na hakirudi mpaka afanye kazi yake. Nimekua nikiona hivyo. Nilipokuwa mdogo baba yangu aliwahi kuchukuliwa shoka, naye hakununa, alikwenda akachimba sehemu yake kesho yake na akarudi na shoka begani akipiga mluzi.

Mwaka wa pili wa ubunge ule, mfanyabiashara mmoja wa vitunguu aliteremka kutoka Vudee akaniambia mama ni mgonjwa wa malaria, ameshindwa kutoka kwenye msaragambo, na wamemchukulia sufuria. Nilipandwa na hasira. Mama yangu ni mjane, na sufuria yenyewe nilikuwa nimemnunulia mimi. Badala ya kutafuta gari la kupanda mlimani nikamwone mgonjwa, nilikaa kwenye mashine nikachapa. Nilikuwa mtu wa ofisi siku hizo. Niliandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu mjane mgonjwa na sufuria yake, maneno mazito mazito, na mwishoni nikaomba mheshimiwa azungumze na uongozi wa kijiji ili wagonjwa wasamehewe. Hilo tu.

Mheshimiwa alisoma amesimama. Aliposhusha karatasi alinitazama kama hajawahi kuniona.

"Binti, kumbe wewe unaandika!" alisema. "Hii naondoka nayo."

Sijui niseme nini kuhusu jinsi nilivyofurahi. Jumapili nilipanda Vudee. Nilimkuta mama amepona, ameketi jikoni, na makande yanachemka kwenye sufuria ile ile.

"Si walichukua?" niliuliza.

"Walirudisha siku ya tatu, walipojua ninaumwa. Wakaniletea na kuni. Sehemu yangu ya tope wamechimba wao."

Tulicheka. Tulikula. Nilirudi Same, na karatasi yangu ilikuwa bado kwenye jalada la mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa hajaondoka. Nilikuwa na siku mbili nzima za kuitoa, au walau kumwambia kwamba mambo sivyo. Sikufanya hivyo. Alikuwa amenisifu, na sikutaka kuirudisha sifa yangu. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta miaka mingi.

Alisimama Bungeni wakati wa bajeti. Redio ilitangaza, na Vudee walisikia kabla sijapata hansadi. Alisema katika karne hii wananchi wa milima ya Upare bado wanafanyishwa shokoa, kazi ya lazima bila ujira, kama enzi za mkoloni. Alisema mjane wa Vudee, akiwa kitandani na homa, amenyang'anywa sufuria ya kupikia uji. Sentensi zangu zilikuwa humo, nzima nzima, ila lile ombi la mwisho la kuwasamehe wagonjwa alikuwa amelikata. Hansadi ilipofika niliona mabano matano katika ukurasa mmoja, na mbunge mmoja ambaye jina lake halikuandikwa alikuwa amepaza sauti akisema aibu.

Upande wa serikali ukaona usipitwe na mpinzani katika kuwahurumia wajane. Agizo likatoka kwamba ni marufuku kuchukua mali ya mwananchi kwa sababu ya kazi za kujitolea. Mtendaji wa kata alipanda Vudee akalisoma mkutanoni. Wakati huo vijana wengi walikuwa wameshagundua kwamba kuna pesa ya mkononi katika kuchimba jasi kule Makanya, kwa watu waliokuja na malori yao. Pembe ilipopulizwa tena, walitoka wanawake na wazee wachache. Pembe ya pili walitoka wachache zaidi. Waliobaki nyumbani walisema sasa ni ruksa, nchi imefunguka, kila mtu na lake.

Tope lilijaa. Masika ya mwaka uliofuata maji yalipita juu ya ukingo, ukingo ukakatika, na ndiva ya mababu zetu ikateremka bondeni na maharage ya watu. Kiangazi kile nilipopanda nyumbani nilikuta shamba la mama limekauka, majani yanavunjika mkononi. Watu walikuwa wanamtazama mama vibaya. Mjane wa Vudee aliyekuwa na homa na sufuria alikuwa mmoja tu, na kila mtu alimjua. Kamati ya ndiva ilimwita. Ilikuwa sheria yao ya siku nyingi kwamba mtu akitoa shauri la ndiva nje bila kupitia kwao, ananyimwa maji. Mama aliapa mbele ya watu, na mkono juu ya Biblia, kwamba hakumpelekea mbunge neno lolote. Aliapa kweli. Wakamwamini, maana mama hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Mimi mama hakuniuliza. Hata siku moja. Nami nilishukuru kwa kutoulizwa, nikawa nampelekea sukari.

Nilimweleza mheshimiwa kwamba ndiva imebomoka. Nilimweleza na sababu, nikijikwaa kwenye maneno, nikitumaini atasema jambo. Alisikiliza huku akisafisha meno kwa kijiti.

"Imebomoka kabisa?"

"Kabisa, mheshimiwa."

"Na serikali haijafanya kitu?"

"Haijafanya."

"Niandikie," alisema. "Lakini uandike kama ile ya kwanza, yenye uchungu."

Nikaandika. Naona kinyaa kuandika neno hilo hapa, lakini ndiyo, niliandika, nilikuwa na watoto wawili wa shule na ada ilikuwa imerudishwa. Akasimama Bungeni akauliza serikali hii iliyochoka imewafanyia nini wananchi wa Vudee, ambao ndiva yao, urithi wa wazee wao, imebomoka mbele ya macho ya viongozi. Mabano manne.

Mwaka wa tano uchaguzi ulipokaribia alitaka kijitabu. Kitakuwa na hotuba zake zote kubwa, alisema, ili wananchi wapime wenyewe. Nilizichapa kwenye stensili moja moja, nikazidurufu, mikono ikawa myeusi kwa wino hadi viwikoni. Hotuba ya shokoa ilikuwa ukurasa wa tisa. Hotuba ya ndiva iliyobomoka ilikuwa ukurasa wa kumi na sita. Kati ya hizo mbili palikuwa na simu za vijijini, sukari ya magendo na pembejeo. Nilijaribu mara moja.

"Mheshimiwa, hizi mbili zikikaa kitabu kimoja, watu wa kule watazisoma pamoja."

"Ndiyo vizuri," alisema. "Wataona nimewasemea mara mbili."

Nilimtazama usoni nikitafuta angalau chembe ya haya, au ya ujanja. Hapakuwa na kitu. Alikuwa anaamini. Nilitoka nje nikatema mate nyuma ya gesti, halafu nikarudi kuendelea, kwa sababu stensili ikikauka inaharibika.

Wakati huo Vudee walikuwa wamejikusanya upya. Wale waliokubali walijenga ndiva nyingine, ndogo, chini kidogo ya ile ya zamani, kwa mikono yao na kwa kanuni zao za zamani, bila kumuuliza mtendaji wala mbunge. Mama alichimba hadi mwisho na umri wake ule. Wakampa Jumanne yake.

Tulipanda kwa Landrova ya kampeni, boksi la vijitabu mapajani mwangu. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mama alikuwa safu ya pili, amevaa kitenge chake cha kanisani, kwa kuwa mwanawe alikuwa anakuja na mheshimiwa. Mheshimiwa alihutubia vizuri, akasifiwa, kisha akafungua kijitabu ukurasa wa tisa akaanza kuwasomea shokoa.

Hapakuwa na makofi. Alisubiri. Akarudia sentensi ya sufuria kwa sauti ya juu zaidi, bado kimya. Mwenyekiti wa ndiva, mzee mfupi mkali ambaye alikuwa ndiye mgawa zamu, alinyoosha mkono akasimama.

"Mheshimiwa, shikamoo ya mkutano tulishaitoa. Mimi nina swali moja. Maneno hayo ya sufuria ulipelekewa na nani?"

Mheshimiwa alitabasamu. Nadhani alifikiri ni sifa inakuja. Aligeuka upande wa gari, aliponiona akaninyooshea mkono, akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimekumbatia boksi. Nilijua kabisa linalokuja, na nilikuwa na nafasi ya kulisema mwenyewe kabla yake, nafasi ya kutosha, mtu angeweza kuvuta pumzi mbili.

"Nilimpelekea mimi," mama alisema.

Alikuwa amesimama. Watu waligeuka wote.

Mwenyekiti alimgeukia. "Mama, wewe uliapa."

"Niliapa. Niliapa uongo. Nilikwenda mwenyewe Same nikamwambia, kwa hasira ya sufuria."

Mama hakuwa amekanyaga Same mwaka ule wa homa, asingeweza hata kufika barabarani. Mwenyekiti alijua hilo. Nadhani nusu ya uwanja walijua. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu, na kanuni ni kanuni, hasa ukishaiona ndiva moja ikienda bondeni.

"Basi Jumanne itakuwa ya jirani yako," alisema mwenyekiti, "hadi kiangazi kiishe."

"Nimesikia," mama alisema, akaketi, akalivuta kitenge magotini. Hakunitazama. Mheshimiwa, ambaye hakuwa ameelewa hata chembe, alimshukuru mama huyo shujaa na kuwaomba watu wampigie makofi. Wawili watatu wakapiga, kwa adabu. Kisha akasema vijitabu ni bure, waje wachukue kwa katibu.

Walipanga mstari mbele yangu. Wa kwanza alikuwa mwalimu, wa pili simkumbuki, wa tatu alikuwa yule jirani aliyepewa Jumanne, naye alinisabahi vizuri. Niliweka kijitabu mkononi mwake, nikaingiza mkono kwenye boksi kutafuta cha anayefuata.