Thina Kwenye Chupa ya Maji

Harufu ya thina bado hunirudisha Mafinga, nilikokulia. Juzi jirani yangu alikuwa anapaka rangi geti lake, nikajikuta nimesimama kibarazani, nimeshika koo.

Baba alikuwa fundi seremala. Thina ya kusafishia brashi za vanishi aliitia kwenye chupa yoyote iliyokuwa karibu, na siku ile ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, ikabaki mezani. Mama alikuwa kibarua kwenye misitu ya misonobari, akikata matawi tangu alfajiri. Alirudi mchana na mafua yale ya Julai, pua imeziba, hasikii harufu ya kitu chochote. Aliketi bila kuvua buti, akafungua chupa, akapiga funda.

Nakumbuka kikohozi chake kuliko uso wake. Jirani yetu, Mama Neema, alikuja mbio na kikombe cha maziwa mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, tayari kumtapisha. Sijui ule mwiko ungepita wapi. Baba hakungoja. Alisimamisha bodaboda, yeye na dereva wakambana mama katikati, wakaenda hospitali. Huko nesi alimwambia baba ashukuru Mungu mama hakutapishwa, maana thina ikirudi juu huingia kwenye mapafu. Hata hivyo kiasi kidogo kilikuwa kimeshaingia. Mama akalazwa, akihema kama mtu anayepanda mlima.

Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mtu mzima hanywi thina kwa bahati mbaya. Shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Iringa, tukaenda naye wodini. Alimwinamia mama.

"Wifi, niambie ukweli. Ulikusudia?"

Mama alifumbua macho polepole.

"Nife, wifi, na nguo nimeloweka? Nani angezifua?"

Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nikacheka, kwa raha ya kuona mama ni yuleyule. Alipona, akarudi msituni, na jibu lile likawa kichekesho cha ukoo mzima kila tukikutana Krismasi.

Sasa nina wanangu, na kuna jioni naanza kuhesabu kazi zilizobaki hata kabla sijaonja chakula. Kwamba alikunywa kwa bahati mbaya, sina shaka. Ila mama hakuwa anachekesha. Pumzi yenyewe ilikuwa ya kuvuta kwa taabu, naye alilala pale akiwaza beseni la nguo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia: pumzika, tutazifua.