X ni nanii

Leo nimeambiwa ndani ya nyumba yangu, hapa Southall, London, kwamba Kiswahili hakifundishi aljebra.

Aliyesema ni mgeni, mama mwenzangu anayesomesha wanawe nyumbani. Alikuja kunisaidia kuchagua kitabu, maana binti yangu ameanza aljebra na ile x inamliza.

Mama mkwe, Mpunjabi wa Kisumu hata akiwa London, akadakia kutoka jikoni: "X ni nanii. Nanii mara tatu, ongeza nne, ni kumi na tisa. Nanii ni ngapi?"

"Five," binti akajibu.

Machozi hayakuwepo tena.

Mgeni akasema nanii si hesabu, na Kiswahili hakifundishi aljebra.

Jamani, ukisahau jina la kitu si unakiita nanii mpaka ulikumbuke?

Kitabu nitanunua. Lakini kwangu x inaitwa nanii, na asiyetaka akanywe chai kwake.