Kisima Nilichowaonyesha Wezi

Mimi ndiye niliyesema ng'ombe walikuwa wapi. Si yule mchungaji, ambaye hapa nitamwita Ekai. Jina langu silitaji kwa sababu bado nina aibu, lakini kosa ni langu na sitaki mtu anitetee.

Wengi hapa Isiolo mnaujua mdomo wangu wa mtandaoni. Serikali ikisema imeimarisha usalama, mimi nauliza imeuimarisha kwa simenti au kwa misumari. Watu wanacheka. Nami, jamani, nilikipenda kicheko hicho kuliko chakula.

Ukame ulipozidi, mjomba wangu alihamishia ng'ombe wake pande za Biliqo. Waliowachunga ni mwanawe Guyo na Ekai, Mturkana aliyeajiriwa kwao tangu Guyo hajaota ndevu. Kwetu, mahali mifugo ilipo hapatajwi ovyo. Ukiulizwa njiani unaonyesha upande kwa kidevu, na mwenye adabu haulizi tena. Nimelelewa nikijua hilo!

Siku moja Guyo alinipigia simu akiwa juu ya kilima, mahali mtandao unaposhika.

"Askari wamefika?" nikamuuliza.

"Wamefika, wallahi! Wako barabarani na magari ya deraya, wanapigwa picha."

"Na nyinyi?"

"Tumevuka lugga, ule mto mkavu, tuko kisima cha nyuma ya kilima chekundu. Huku analinda Mungu na fimbo ya Ekai."

Nilimsikia Ekai akidakia, "Mwambie hata fimbo inataka mshahara!" Tukacheka sote.

Jioni hiyo runinga ikaonyesha mkubwa mmoja akishuka kutoka kwenye helikopta na kuapa kwamba hakuna hata mbuzi mmoja atakayeguswa. Damu ikanichemka. Nikaandika: "Pongezi kwa serikali! Barabara yetu ya murram inalindwa na deraya, hakuna mwizi atakayeiiba. Nanyi ng'ombe mliovuka lugga hadi kisima cha nyuma ya kilima chekundu, msiogope. Mna Mungu na mzee mwenye fimbo."

Ee Mola! Nilidhani nawachoma askari. Watu wakaisambaza, wakaongeza vicheko vyao, nami nikalala nikitabasamu.

Haikupita hata wiki. Wezi walikuja na bunduki, moja kwa moja hadi kisimani, wakaswaga ng'ombe wote. Risasi ikampiga Guyo begani. Ekai alimbeba mgongoni, akavuka lugga, akamfikisha kwa wale askari wa barabarani. Yeye mwenyewe hakuwa na hata mkwaruzo.

Na huko kupona ndiko kulikomponza! "Mbona risasi imemjua Guyo na haikumjua yeye?" watu wakaulizana nyumbani kwa mjomba. "Nani mwingine alikijua kisima?" Polisi walioshindwa kuona nyayo za kundi zima la ng'ombe wakaziona za Ekai mara moja. Wakamtia ndani. Wakampiga.

Nami? Nilifuta maandishi yangu. Kisha nikanunua sukari na majani chai, nikaenda kumpa mjomba pole!

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. Hana habari na mambo ya mitandao. "Mtu anaweza kula nyumbani kwako miaka yote hii, halafu akuuze?"

"Abuya," nikajibu, kwani ndivyo tunavyomwita mjomba, "binadamu ni wagumu."

Haya! Mimi mwenye maneno kwa kila waziri, nilimpa mjomba wangu jibu hilo.

Guyo ndiye aliyenivunja. Nilipomtembelea hospitalini, alikuwa ameshaona nakala ya maandishi yangu kwenye simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakufoka.

"Mwambie baba leo," alisema. "Usipomwambia, nitamwambia mimi. Na nitamwambia ulijua Ekai yuko ndani ukanyamaza."

Nilimwambia. Mjomba hakunitukana. Alivaa viatu, akaenda kituoni kumtetea Ekai, nami nikimfuata nyuma.

Ekai alitoka jicho moja likiwa limefumba kwa uvimbe. Nikamwomba msamaha.

"Uliandika uongo?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi. Askari walikuwa barabarani, na mimi nilikuwa na fimbo. Hayo ungeandika tungecheka. Kisima ulikitajia nini?"

Mjomba akamshika Ekai mkono, akamsihi warudi nyumbani.

"Mzee, nilimbeba mtoto wako," Ekai alimwambia. "Polisi walipokuuliza habari zangu, wewe ulisema nini?"

Ekai akaenda zake kwa dada yake kule Oldonyiro.

Sijui kama wale wezi waliyasoma maneno yangu. Huenda walikuwa na wapelelezi wao. Sitajua kamwe, na hilo linanitafuna.

Ndugu zangu, icheke serikali, imeyataka yenyewe. Lakini usichekeshe watu kwa siri ya mchungaji aliye porini bila bunduki. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajapigwa kwa ajili yako. Mimi nilichelewa. Siku hizi mjomba anachunga mwenyewe mbuzi waliokuwa wamebaki nyumbani. Wageni wakimuuliza yule Mturkana wake alienda wapi, ananigeukia mimi, anangoja nijibu.